Hesabu ya Alfajiri, Jaaluni

Hapa hakuna milima ya kupigia picha.
Nchi ni bapa, sinia lililosuguliwa kwa majivu.
Tumetoka Haima saa tisa usiku
na pipa la maji, darubini, daftari,
mie na Bakhiti, ambaye kwetu angeitwa Bahati,
anayeendesha taa zimezimwa
kwa sababu, asema, gari linaijua njia.

Ukungu umeingia kutoka baharini,
umevuka jangwa lote bila kupiga hodi,
umeing'ang'ania migunga
mpaka kila mwiba una tone lake
na kila tone lina mwenyewe.
Hapo ndipo tunawakuta,
weupe ndani ya weupe,
miguu myeusi kana kwamba wamevuka mto wa wino.
Wanalambana migongo.
Nilidhani ni mapenzi. Bakhiti akacheka:
"Wanakunywa, binti. Manyoya ndiyo mtungi."

Kwa Kiarabu ni maha,
jina la nusu ya wasichana niliosoma nao.
Lakini bibi yangu, Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete,
aliponisikia kwenye simu nikimweleza pembe zile,
alisema papo hapo: "Ah! Choroa!"
Hajamwona hata mmoja maisha yake.
Neno alilibeba tu, toka kwa baba yake aliyetembea bara,
akalihifadhi Al-Khuwair miaka hamsini
kama ufunguo wa nyumba iliyouzwa.

Nikamwambia Bakhiti: choroa.
Akalitafuna, akalimeza.
Akanipa la kwao, Kiharsusi,
lugha isiyo na gazeti wala redio;
neno linaanzia chini kooni, silijui kuliandika.
Nililirudia mara tatu.
Mara ya tatu mnyama mmoja aliinua kichwa.
"Sadfa," nikasema.
Bakhiti hakujibu.

Babu yake aliziona kwato za wale wa mwisho
na alama za matairi juu yake.
Baada ya hapo miaka ya mchanga mtupu.
Kisha makreti, kutoka ng'ambo,
na ndani yake wajukuu waliozaliwa ugenini,
wanaoambiwa "karibuni kwenu"
na hawajui ukungu unalambwa vipi.

Mie nawajua hao.
Nyumbani kwetu tulikuwa saba.

Sasa kuna uzio. Sikuja kuusifu.
Wenye bunduki walirudi pia, nao hawakuletwa kwa kreti.
Usiku upepo unaupapasa waya
kama mtu anayetafuta mlango.

Tunahesabu. Arobaini na moja.
Tunahesabu tena, kutoka upande wa jua.
Arobaini na moja.
Daftari linasema arobaini na mbili:
hayupo jike namba kumi na saba,
mwenye pembe ya kushoto iliyokatika ncha.
Bakhiti anashuka, anasoma ardhi
kama barua yenye mwandiko mbaya,
anarudi nyuma mstari mmoja, anaendelea.
Mie namfuata na chupa ya maji na hofu
na hesabu ya risasi ambazo sikuzisikia.

Saa nne asubuhi tunamwona.
Amesimama peke yake, anatazama kwingine,
kama mama dukani anayejifanya hana pesa.
Hatua mia kutoka kwake, chini ya mgunga,
kuna jiwe la rangi ya vumbi.
Jiwe linapepesa jicho.

Nimeshafungua kalamu.
Bakhiti ananishika mkono:
"Wa leo haandikwi.
Mwache kwanza ukungu umjue."

Nikaandika arobaini na mbili.
Chini yake nikaruka mstari.

Haima, kituo cha mafuta, mtandao umerudi.
Bibi hana salamu: "Wangapi?"
"Arobaini na mbili, bibi."
Kimya. Namsikia anakoroga chai.
"Na huyo unayemficha?"